Mafuta Yaliyojaribiwa Kivulini

Mama Goreti alikufa kitandani kwake, Kicukiro, akiwa mzee aliyeshiba miaka. Nilipofika msibani, nilipokewa na harufu ya maharage yanayochemka na moshi wa kuni mbichi. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, na mmoja wao, mwenye mvi zilizokatwa fupi, alinitazama, akaniambia kwa Kiswahili, "Zaina, ungali unanusa watu mbele ya kuwasalimia?" Nikamjua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Imakulata, bibi harusi wetu wa mwaka 1992, ambaye sikuwa nimemwona tangu mumewe apate kazi kusini wakahama. Tulikumbatiana tukacheka, tena kwa sauti, mpaka mjomba mmoja akatugeukia na jicho lake la makanisani. Kucheka msibani si adabu, najua. Lakini mtu aliyekufa kwa uzee katika mji huu wa Kigali, wanawe wakiwa wamemshika mkono, anastahili kicheko kidogo kwenye matanga yake. Wajukuu wa marehemu wakauliza mimi ni nani. Imakulata akajishika shingo na kusema, "Huyu na bibi yenu, hii shingo ni yao." Vijana wakafikiri Imakulata kachanganyikiwa kwa majonzi. Basi tukaanza kuwaeleza, mara yeye, mara mimi, na maharage yakaiva, yakaliwa, sisi bado tunaeleza. Niliporudi nyumbani nikaona bora niiandike habari hiyo yote, maana tulibaki wawili tu tunaoijua.

Ya kwetu Nyamirambo nayaacha, wazazi na ndugu nimewasimulia kwingine. Mwaka ninaoutaka ni 1992, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikivuka mji kila asubuhi kwenda Kicukiro kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka. Najua msomaji atauhesabu vipi mwaka huo: ni miwili kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Siwezi kuuandika kana kwamba sijui kilichofuata, na nikimfikia mtu ambaye 1994 ilimchukua nitasema. Lakini wenyewe hawakuuishi mwaka ule wakisubiri kifo. Waliuishi wakioana, wakibishana kuhusu harufu, wakikwaruzana juu ya zamu ya kuchota maji, wakirudisha kikopo cha mafuta kwa kuwa kifuniko hakifungi. Naona ni haki yao kukumbukwa hivyo pia.

Karakana ya Mama Goreti ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, kuta za matofali ya udongo, bati juu, na dirisha dogo lililotazama migomba. Upande wa kushoto ulikuwa wa sabuni: pipa la mawese, ndoo ya kostiki, magadi yanayounguza ngozi, ambayo sikuruhusiwa kuigusa bila glavu, na fremu za mbao za kugandishia. Upande wa kulia ulikuwa wa mafuta, na huo niliupenda zaidi. Tuliweka sufuria ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji ya moto, tukayeyusha mafuta mgando na nta ya nyuki polepole, kisha tukaipua na kungoja. Manukato yalitiwa mwisho. Ukiyatia mafuta yakiwa ya moto yanapaa yote, unabaki na kikopo kisichonuka na chumba kinachonuka mpaka kesho kutwa. Kipimo chetu cha joto kilikuwa kiganja: unakiweka ubavuni mwa sufuria, na ukiweza kukiacha bila kukunja uso, tia. Mama Goreti alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, akaolewa Kigali na karani mmoja mpole aliyekuwa akienda kazini kabla sijafika na kurudi nimeshaondoka. Ndiyo sababu aliniajiri mimi. Alitaka mtu wa kuongea naye Kiswahili siku nzima. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, mimi binti wa Kiislamu mwenye mtandio, na hatukuwahi kugombana juu ya dini hata mara moja. Tuligombana juu ya chumvi.

Mchana tulikula humo humo, juu ya meza ya kufungashia. Maharage na isombe ya majani ya muhogo, siku nyingine dagaa wa ziwa Kivu wanaoitwa sambaza, na kila kitu kilikuwa na ladha ya pembeni ya waridi au mchaichai, kwa sababu harufu hairudi stooni kwa kuwa watu wanakula. Mpaka leo nikila isombe isiyonukia waridi naona mpishi amesahau kitu. Nyuma ya uzio wa michongoma palikuwa na njia ya watu waendao sokoni, na hapo ndipo nilipojifunzia dunia. Wanaume walipita wakibishana juu ya vyama vipya, nani kavaa kofia ya rangi gani. Redio ya jirani ilitaja vita vya kaskazini, kisha ikapiga muziki. Wanawake walipita wakizungumza mambo makubwa zaidi: nani anaoa, mahari ng'ombe wangapi, na mafuta ya nani yananukia mpaka mwisho wa misa. Hilo la mwisho lilimkosesha Mama Goreti usingizi. Siku moja tulimsikia mwanamke, hatukumwona uso, akisema kule nje, "Yake Goreti ni mazuri, ila yanakufa mbele ya komunyo." Mama Goreti aliweka kijiko chini. Hakula tena mchana ule.

Imakulata ndiye aliyekuwa jirani wa redio. Alikuwa na mwaka mmoja au miwili kunizidi, amechumbiwa na fundi wa magari wa Kagarama, na alasiri alikuja kutusaidia kujaza vikopo kwa sababu kwao alichoka kuulizwa mambo ya harusi. Papa Musafiri, mfanyabiashara wa Bukavu aliyetuletea manukato, alipokuja msimu huo na chupa mpya, Imakulata alikuwepo. Chupa ilikuwa nyeusi, yenye mafuta ya rangi ya kijanikibichi kidogo. Papa Musafiri aliifungua kwa madaha ya padri na divai yake. Ilitoka harufu ya ganda la ndimu linapomenywa, kali na safi, na nyuma yake kitu cha maua kisichotaka kuondoka.

"Mama Goreti, hii haiko dawa ya kiwanda," alisema. "Banakamua maganda ya matunda. Kitu ya kula. Hata mutoto anaweza kulamba, hakuna kitu itamufanya."

Mama Goreti alijipaka kifundoni mwa mkono, akanusa, akaenda kuchemsha chai, akarudi akanusa tena. "Mais hii inabakia," alisema, kwa ile "lakini" yake ya Kifaransa.

"Mama, weka hii kwa mafuta ya harusi yangu," Imakulata akasema. "Naomba. Niko nataka ile siku ya gutwikurura watu bajue nimetoka mbele hawajaniona."

Gutwikurura ni sherehe ya kumfunua bibi harusi. Zamani, na mwaka ule bado kwa familia zilizoshika mila, bibi harusi akishaolewa alikaa ndani kwa mumewe siku kadhaa bila kutoka wala kushika ufagio. Kazi yake ilikuwa kunywa maziwa, kulala, na kupakwa mafuta asubuhi na jioni mpaka ngozi ing'ae. Kisha ndugu zake wanakuja na vyakula, anatolewa mbele za watu, na kuanzia hapo ni mke mwenye nyumba. Ukiwa muuza mafuta, bibi harusi aliyetoka siku hiyo ni bango lako. Kila shangazi atamkumbatia, na kila shangazi ana pua. Kwa hiyo Mama Goreti akatengeneza mafuta mapya, na hapo ndipo alipotumia kijiko cha sabuni. Sabuni hupewa manukato mengi kwa sababu kostiki huyala, na tena sabuni inapita tu mwilini ikaenda na maji. Mafuta yetu ya kujipaka siku zote yalipewa kijiko kidogo. Safari hii akayapa kile kikubwa, kwa sababu ya yule mwanamke wa nyuma ya uzio. Nami nikakoroga nikishangilia. Hatukuwa wazembe, nataka ieleweke. Tuliyajaribu mafuta yale kabla ya kuyauza. Mama Goreti alijipaka kila siku, mimi nikajipaka, mabibi harusi wawili waliokuwa ndani siku hizo wakapakwa, na wote ngozi zetu zikawa laini kama za watoto. Tukaona yamefaulu. Yakaenda sokoni, yakaisha, tukatengeneza mengine.

Spesiyoza alikuja asubuhi ya Jumatatu. Alikuwa muuza vitunguu wa soko la Kicukiro, mjane mnene mwenye sauti ya kuita mtu kutoka kilima cha pili, lakini siku hiyo alisema polepole. Huyu ni mmoja wa wale ambao 1994 iliwachukua, na nikimwandika hapa namwona amesimama mlangoni akishusha kitambaa cha mabegani. Toka chini ya sikio la kushoto mpaka kwenye mtulinga palikuwa na mabaka ya kahawia nyeusi, marefu, yaliyoteremka kama uji uliomwagika ubavuni mwa chungu. Sehemu moja ilikuwa bado imevimba na kuchubuka.

"Goreti," alisema, "nimekuja kwako mbele niende kwa watu. Nimepaka mafuta yako tu. Hakuna kingine."

Mama Goreti alimkalisha, akamletea chai, kisha akaanza kutafuta kila kosa isipokuwa letu. Labda shanga. Labda dawa ya nywele. Labda alilalia mdudu. "Mimi niko napaka kila siku, angalia," akamfunulia shingo yake, na kweli haikuwa na kitu. Spesiyoza aliangalia, akashika kikombe chake. Sikumlaumu Mama Goreti wakati ule na simlaumu sasa. Maishani mwangu nimewaonyesha wenye viwanda wakubwa kuliko yeye mabaka kama yale, na karibu wote huanza na shanga. Mimi nilikuwa nikiangalia ile shingo. Upande wa kulia ulikuwa mzima kabisa. Na hata upande ulioungua palikuwa na mstari mwembamba safi, pale rozari ilipokuwa imelala. Nikamuuliza anakaa wapi pale sokoni. Akasema mwishoni mwa safu, pasipo na paa, na jua la asubuhi linampiga shavu la kushoto mpaka adhuhuri. Nilijitazama na mtandio wangu uliofunika shingo tangu alfajiri hadi jioni. Nikamtazama Mama Goreti, aliyeshinda chini ya bati lake. Nikawaza mabibi harusi wetu wawili, waliotolewa jioni mvua ikinyesha, sherehe ikafanyika sebuleni. Sote tuliojaribu yale mafuta tulikuwa watu wa kivulini.

Nikasema nipewe kikopo. Nilijipaka mikono yote miwili. Wa kushoto nikaufunga kitenge kutoka kifundo hadi kiwiko, wa kulia nikakunja mkono wa gauni, na juu kidogo ya hapo, pasipo na mafuta, nikapaka povu la sabuni yetu yenye manukato yale yale, nikalisuuza. Kisha nikaenda kukoroga sabuni uani, juani, siku nzima. Jioni hapakuwa na kitu, Mama Goreti akapumua. Kesho yake mkono wa kulia ukaanza kuwasha. Jumatano uliwaka na kuvimba, na ilipofika Alhamisi baka lilikuwa limeanza kutia weusi. Chini ya kitenge, hakuna. Pale pa sabuni, hakuna. Nilikuwa na maumivu, lakini nitasema kweli: nilikuwa pia na furaha ambayo sikuwahi kuijua shuleni. Nilikuwa nimeuliza ngozi swali na imenijibu.

Tulikwenda zahanati kwa masera mmoja, mtawa mzee aliyekuwa amekaa Rwanda mpaka akasahau kurudi kwao Ulaya. Aliushika mkono wangu karibu na dirisha. Akasema aliona mabaka kama yale alipokuwa msichana, kwenye shingo za mabibi waliojipulizia manukato na kwenda bustanini. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya matunda ya jamii ya ndimu, alisema, yakilala juu ya ngozi na jua likayapata, yanaunguza. Yakioshwa, hayana neno. Mama Goreti akauliza, na bibi harusi ambaye amepakwa siku zote hizi, lakini ndani? Masera akasema aoshwe vizuri kwa sabuni isiyo na harufu, usiku upite katikati, na asipakwe tena kitu kile. Na kama hakuoshwa? Masera akanyoosha tu kidole kwenye mkono wangu.

Imakulata, aliyekuwa ameshaolewa na kukaa ndani kwa mumewe, alikuwa atolewe Jumamosi, adhuhuri, uani, kwa sababu wageni walikuwa wengi kuliko sebule. Alikuwa na vikopo vyetu viwili, na tulijua anavitumia bila kubania.

Sasa nieleze kilichokuwa mezani, maana vijana wa leo walionisikiliza msibani hawakukielewa hadi walipoambiwa mara mbili. Kwetu kuna neno uburozi, kulisha mtu sumu; anayeifanya ni mrozi. Ni neno ambalo likishakuganda halitoki kwa sabuni yoyote. Mtu husemwa nalo kwa kunong'ona, na kesho hakuna anayekunywa chai kwake. Mama Goreti alikuwa mgeni, Mrundi, katika mwaka ambao watu walikuwa wameanza kuulizana nani ametoka wapi. Kwenda kwa wakwe wa watu na kuwaambia kwamba mafuta niliyompa mke wenu yana madhara, ni kuliweka neno lile midomoni mwao kwa mkono wako mwenyewe. Angenyamaza, pengine ingesemwa ni jua, au shanga. Pengine mvua ingenyesha. Ijumaa tulikula maharage. Halafu Mama Goreti akasema, akitazama sahani, "Kama nikinyamaza na mtoto akaungua, mi nitakuwa mrozi kweli. Leo niko mjinga tu." Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tusemavyo Nyamirambo, lakini sikuwa na haja ya kumwambia. Alikuwa amekwisha simama na anatafuta viatu.

Tulifika Kagarama alasiri. Chumba cha bibi harusi kilikuwa na mkeka mpya, vibuyu vya maziwa vimepangwa ukutani, na harufu yetu imejaa mpaka kwenye mapazia. Imakulata alikuwa akimeremeta. Alifurahi kutuona hadi akataka kusimama, wifi yake akamkalisha. Mama mkwe aliingia, mwanamke mrefu mkavu aliyetembea na fimbo asiyoihitaji, akatukaribisha kwa Kinyarwanda, akaagiza urwagwa, pombe ya ndizi, kwa Mama Goreti, na maziwa kwangu. Kwa desturi, aliyeleta kinywaji hukionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue ni salama. Akaonja urwagwa, akaonja maziwa, akatupa. Mama Goreti hakunywa. Alishika kibuyu mikononi na kusema yote, tangu yule mwanamke wa nyuma ya uzio hadi kijiko cha sabuni hadi shingo ya Spesiyoza. Hakusema labda. Hakutaja shanga.

Wifi alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Kwa hiyo umetuletea sumu kwenye harusi," alisema.

"Nimeleta kitu ambacho sikukijua," Mama Goreti akajibu. "Leo nakijua. Ndiyo maana nimekuja."

"Na kesho watu wakimkumbatia asinukie, watasema tumemtunza vipi?"

Imakulata alianza kulia kimya kimya, akijifuta kwa ukingo wa kanga ili asiharibu kung'aa kwake. Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema mbele ya watu wazima wale. Nilikunja mkono wa gauni tu, nikanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwa mama mkwe. Aliweka fimbo chini. Akaushika wa kulia, wenye baka na malengelenge, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango. Akaushika wa kushoto. Akauliza kwa Kinyarwanda nani kanifanya hivi, nikasema nimejifanya mwenyewe, nilitaka kujua. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mrozi haonji," alisema. "Huyu mtoto ametuonjea." Akaangalia kibuyu kilichokuwa mikononi mwa Mama Goreti. "Kunywa basi. Mbona unaishika pombe yangu kama chai inayosubiri kupoa."

Mama Goreti alikunywa. Mama mkwe akaagiza maji yachemshwe. Tulimwosha Imakulata sisi watatu, kwa sabuni nyeupe isiyo na kitu, shingo, mabega, nyuma ya masikio, mara tatu, wifi akileta maji kwa kununa na baadaye bila kununa. Asubuhi, mama mkwe alisema, atapakwa siagi ya ng'ombe wa nyumba hii, kama alivyopakwa yeye. Na kweli adhuhuri ya Jumamosi Imakulata alitoka juani, mweusi mzuri, shingo safi kama siku aliyozaliwa. Shangazi mmoja alimkumbatia, akavuta pumzi, akauliza mbona hanukii kitu. Mama mkwe akajibu kwa sauti ya kusikika hadi kwa wacheza ngoma, "Ananukia nyumbani kwangu. Una neno?" Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni, na nililia waziwazi, bila kujua hasa nalilia nini.

Kazi niliyoifanya baadaye, miaka yote ile ya kukagua mafuta na losheni kabla hazijafika madukani, ilianzia kwenye maneno ya yule mama mkwe. Siku hizi kuna vitabu vinene. Vinapanga manukato kwa mahali yanapokwenda: ya kuoshwa mbali, ya kubaki mwilini mbali, ya mdomoni, ya kwapani, ya mtoto mchanga, kila moja na kiasi chake, na yale yanayojulikana kuwasha watu lazima yatajwe kwenye kikopo. Vijana wa viwanda vya Masoro walikuwa wakilalamika kwangu kwamba masharti ni mengi. Niliwaambia ni sharti moja tu limeandikwa mara nyingi: onja kabla ya mgeni, na uonjee pale pale mgeni atakapoketi. Kama ataketi juani, toka juani. Walikuwa wakiandika. Sikuwaambia limetoka kwa nani, walidhani limetoka semina.

Jumapili baada ya sherehe, Mama Goreti alisimama nje ya kanisa na kikapu, akawaambia wanawake waliokuwa wakitoka misani warudishe vikopo vyenye harufu ya ndimu, na akawaeleza kwa nini. Wengine walirudisha kwa huruma. Wengine kwa woga, wakishika kikopo kwa ncha za vidole. Wawili watatu walikataa kwa kuwa wanayapenda, tukawaomba wayapake usiku tu, kisha tukawafuata nyumbani hadi wakatoa. Chupa nyeusi iliyobaki tuliimalizia kwenye sabuni, na Papa Musafiri aliposikia alinuna, lakini safari iliyofuata alileta mafuta ya maua na kuuliza kabla hajaulizwa, "Hii mutaiweka kwa kuosha ao kwa kubakia?" Tukarudi kwenye kijiko kidogo. Kila mchanganyiko mpya ulikaa kwanza mkononi mwangu, uani, juani. Lakini watu hawakununua. Wiki zilipita, vikopo vimepangwa rafuni vinatutazama, na Mama Goreti akaanza kusema huenda akauza masufuria arudi kwenye sabuni peke yake. Nyuma ya uzio hatukusikia tena mtu akitaja jina lake, na hilo lilikuwa baya kuliko kusemwa.

Ndipo Spesiyoza alipokuja na kikapu chake cha vitunguu, kitupu. Baka lilikuwa bado lipo, limefifia kidogo. Akasema nimjazie vikopo vya mafuta mapya, vingi kadiri kikapu kinavyobeba. Mama Goreti alimwuliza anataka kuvifanya nini, yeye mwenye shingo ile. Akanisukumia kikapu. Nilimbebea hadi sokoni. Alivipanga mbele ya vitunguu, mwishoni mwa safu, pale pasipo na paa, akateremsha kitambaa cha mabegani ili shingo yote ionekane, akaketi. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Alichukua kikopo, akafungua, akanusa, akaona shingo, akakirudisha haraka.

"Si haya ndiyo yalikuunguza?" akauliza.

"Ni ya yule yule mama," Spesiyoza akasema, sasa kwa ile sauti yake ya kilima cha pili, hadi wauza nyanya wakageuka. "Yeye aliniunguza, akaja kutuambia sote kanisani. Sasa hao wengine unaonunua kwao, binti yangu, bamekuja kukuambia nini?"

Yule mwanamke alimpangusa mtoto pua. Kisha akakichukua tena kile kikopo.